Anayelala kidogo ndiye ananona: usingizi, uzito na afya Butembo na Beni

Sokoni Butembo, mtu akipita mbele ya mama mwenye mwili mkubwa, maneno hayakawii: "Ule mama analala sana, njo maana amenona." Kijana mwembamba anayekesha, yeye anasifiwa. Huyo ni mchapakazi, mtoto wa Butembo kweli. Mji huu ulijengwa na wafanyabiashara, na sifa ya mfanyabiashara ni kuamka kabla ya wengine. Ndiyo sababu usingizi umepewa majina mabaya: uvivu, unene, umaskini.

Utafiti wa zaidi ya miaka 25 unaonyesha karibu kinyume. Anayelala kidogo, au anayelala kwa vipande-vipande, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuongeza uzito, ya kupata ugonjwa wa sukari na ya kupandisha tansio. Na huku Butembo na Beni usingizi haukatwi na kazi peke yake. Unakatwa na milio ya risasi, na zamu za kulinda kata, na matanga yasiyoisha, na mashine za umeme za jirani. Mtu anaweza kukosa usingizi miaka 10 bila kosa lake, na mwili wake ukalipa.

Jambo la kusema mapema: kwa jamaa nyingi za Kivu ya Kaskazini shida ya kwanza bado ni chakula kutotosha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013–2014 ulikuta watoto 43 kwa kila 100 wa chini ya miaka 5 katika Kongo wamedumaa. Uchunguzi huohuo ulikuta karibu wanawake 16 kwa 100 wana uzito kupita kiasi. Mambo haya mawili yanakaa katika nchi moja, mara nyingine katika nyumba moja: mtoto mdogo amedumaa, mama yake ana tansio na tumbo kubwa. Usingizi mbaya unawaumiza wote wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Njaa inayotoka kwa usiku mbaya

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, akiwemo Karine Spiegel na Eve Van Cauter, walichapisha jaribio dogo katika jarida la Lancet. Vijana 11 wa kiume, wenye afya nzuri, waliachwa kitandani saa 4 tu kila usiku, kwa usiku 6 mfululizo. Wiki haikutimia, miili yao ikaanza kushindwa kuondoa sukari katika damu kama kawaida. Ukiangalia vipimo tu, ungesema ni watu wanaokaribia diyabeti. Walipopewa nafasi ya kulala vizuri, vipimo vilirudi mahali pake.

Mwaka 2004 kikundi hicho kikapima njaa. Vijana 12 walilala saa 4 kwa usiku 2, na wakati mwingine wakapewa saa 10 kwa usiku 2. Chakula chao kilidhibitiwa, kwa hiyo tofauti haikutoka sahanini. Leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili kwenda kuambia ubongo "imetosha", ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, ile inayotoka tumboni na kuleta njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Vijana wenyewe walisema wanasikia njaa zaidi kwa asilimia 24, na walitamani hasa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Kwa lugha ya Butembo: mandazi, capati, soda, na bugali ya kuongeza.

Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote juu ya homoni hizo mbili. Jambo moja limerudi mara nyingi zaidi: mtu aliyenyimwa usingizi anakula zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio kadhaa ulikuta wastani wa kalori 385 zaidi kwa siku. Kwa makadirio ni kama mandazi mawili makubwa juu ya chakula cha kawaida, na mtu hatambui kama ameyala. Ni kweli anayekesha anachoma nguvu kidogo zaidi kuliko aliyelala. Ila anachokula kinapita anachochoma.

Kuna jaribio lingine ambalo mama yeyote aliyeambiwa na munganga "punguza bugali" angefaa kulijua. Mwaka 2010, hapohapo Chicago, watu 10 wenye uzito mkubwa walipunguziwa chakula kwa siku 14, mara moja wakiwa na saa 8 na nusu za kitandani, mara nyingine saa 5 na nusu. Mizani ilionyesha karibu kilo 3 zimepungua pande zote mbili. Lakini wakati wa kulala kidogo, mafuta yaliyopungua yalikuwa machache kwa asilimia 55, na kilichopotea badala yake ni nyama ya mwili, misuli. Mtu anajinyima chakula, anadhoofika, na tumbo linabaki palepale. Wengi wanaacha hapo, wakisema mwili wao "umekataa".

Na kinyume chake kimejaribiwa. Mwaka 2022, watu 80 wenye uzito kupita kiasi, waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu, walisaidiwa kuongeza usingizi. Hawakuambiwa kubadilisha chakula hata kidogo. Waliongeza kama saa 1 na dakika 10 hivi kwa usiku, na katika wiki 2 chakula chao kikapungua chenyewe kwa kalori 270 kwa siku dhidi ya wale ambao hawakubadilisha usingizi. Hiyo ni capati moja iliyokataliwa bila vita.

Hayo ni majaribio ya siku chache. Kwa miaka mingi kuna ufuatiliaji wa wauguzi wanawake wa Marekani, zaidi ya 68,000, kwa miaka 16: waliolala saa 5 au chini ya hapo walikuwa na hatari ya unene iliyozidi kwa asilimia 15 ile ya waliolala saa 7. Asilimia 15 si radi. Usingizi hauwezi kushinda soda 3 za kila siku na kukaa dukani tangu asubuhi hadi jioni. Ni sababu moja kati ya nyingi, ila ndiyo ile ambayo watu wameigeuza kichwa chini.

Mbona basi watu wanasema kulala kunanonesha?

Usemi ule haukutoka hewani. Kwanza, watu wengine wanaolala saa 9, 10 na bado wanasinzia mchana huwa wana ugonjwa tayari: huzuni nzito, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au kukoroma kwa aina ambayo inaelezwa chini. Unene na usingizi vinatoka kwa chanzo kimoja, na jirani anaona kimoja kimeleta kingine.

Pili ni vidonge. Katika miji ya Kongo, Kinshasa hasa, watafiti wameandika juu ya wanawake wanaomeza siproeptadini, dawa ya mzio, ili wanone. Dawa hiyo inaleta njaa na usingizi pamoja. Watu wanaona dada amelala, dada amenona, na wanafunga hesabu vibaya. Wengine wanachanganya na deksametazoni, ambayo inajaza uso, inapandisha sukari na tansio, na kuiacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari. Vitu hivi si vya kununua kama bombo.

Tatu, kuna ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na inzi tse-tse, na Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Huo hauna uhusiano na uvivu wala unene. Mtu anayesinzia mchana, hapati usingizi usiku, ana homa ya kurudi-rudi na anaanza kuchanganyikiwa, anapelekwa hospitali, hasa kama alikaa sehemu zenye inzi hao.

Usiku wa Butembo

Butembo na Beni ziko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka mzima giza linaingia muda mfupi baada ya saa 12 za jioni na kutoka karibu saa 12 za asubuhi. Kwa saa ya mwili, hii ni zawadi. Saa hiyo iko ndani ya ubongo na katika kila kiungo, na kazi ya kueleza jinsi inavyofanya kazi ilipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017. Inajiweka sawa kwa mwanga wa asubuhi na giza la jioni, na hapa mwanga na giza havibadiliki kama Ulaya. Butembo tena ina baridi ya mlima, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mwili unalala vizuri pale joto lake linaposhuka kidogo. Beni, kilomita 54 kaskazini, iko chini zaidi, kuna joto na mbu wengi zaidi.

Kwa hiyo mazingira yenyewe yangetosha kuwalaza watu. Kinachowaamsha ni maisha. Mama wa mandazi anaamka saa 9 za usiku ili moto uwake na unga uumuke kabla wanafunzi hawajapita. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anasoma usiku kwa ajili ya Examen d'État, kwa sababu ndipo nyumba inanyamaza. Kanisa lina mkesha Ijumaa. Kuna kifo kwenye kata, na kutokwenda matanga ni kutukana jamaa. Jirani mwenye baa amewasha jenereta hadi saa 5. Na simu, bila shaka, kwa sababu umeme ukirudi saa 3 za usiku kila mtu anakumbuka kuchaji na kuangalia picha za siku nzima.

Motari wa taxi-moto ana hesabu yake ya pekee. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anakosea kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakataza kuendesha. Motari aliyeamka saa 11 za alfajiri anafika hapo saa 4 za usiku, bila kugusa kasiksi. Barabara ya Butembo–Beni gizani haimsamehi.

Usiku wa Beni

Kwa Beni ni habari nyingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamerudi tena na tena mjini na katika wilaya ya Beni, na sehemu kubwa yake imewekwa juu ya waasi wa ADF. Jioni ya tarehe 13 Agosti 2016 walifika kata ya Rwangoma, ndani ya mji. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Katikati ya yote hayo ikaja Ebola, Agosti 2018 hadi Juni 2020, ikaua zaidi ya watu 2,200. Mtoto aliyezaliwa Beni mwaka 2014 hajajua mji ambao watu wanalala bila kusikiliza.

Na kusikiliza ndiyo shida yenyewe. Mtu anayelala akiwa na hofu hashuki katika usingizi mzito. Mapigo ya moyo yanabaki juu, kotizoli, homoni ya tahadhari, haishuki inavyopaswa, na mbwa akibweka mara moja ameshakaa kitandani. Asubuhi atasema amelala tangu saa 2. Kwa hesabu ya mwili amelala kidogo sana. Wengine wamepitia miezi ya kuacha nyumba pembeni ya mji jioni, kulala kwa ndugu au kwenye darasa la shule katikati, watu 8 katika chumba, na kurudi shambani asubuhi. Kumwambia mtu huyo "lala saa 8" ni kumcheka.

Kuna utafiti mmoja wa Afrika Mashariki unaosema kitu cha maana zaidi kwake. Kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, wawindaji wasio na umeme. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuwavisha watu wazima 33 vyombo vya kupima usingizi kwa siku 20 hivi. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wowote wa usiku kuna mzee ameamka, kijana hajalala, mama ananyonyesha. Hakuna aliyepanga zamu, lakini kambi ilikuwa na mlinzi karibu saa zote, na wengine waliweza kulala.

Ule utafiti mwingine, wa mwaka 2015, uliopima Wahadza, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ulikuta wanalala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, si 8. Na kukosa usingizi kama ugonjwa ni nadra kwao, unene pia ni nadra. Watu wengine walifurahia matokeo hayo wakasema basi saa 8 ni hadithi. Pole pole. Wanakaa mahali pa kulala saa 7 hadi 8 na nusu, wanaamka karibu saa ileile kila siku, mchana wanatembea sana na kupata mwanga wa jua. Usingizi wao ni mfupi kidogo, lakini una utaratibu.

Hapo ndipo kata za Beni na Butembo zinazolinda usiku zinaweza kuchukua kitu. Vijana haohao wakilinda kila usiku, mwezi mzima, watavunjika. Zamu zinazozunguka, zenye siku zinazojulikana, zinamruhusu asiye wa zamu kulala kweli, kwa sababu anajua nani yuko macho. Aliyelinda usiku alale mchana kabla ya zamu, dakika 90 zikiwezekana, na asipande moto asubuhi kabla ya kusinzia kidogo.

Tansio, sukari, na kukoroma

Usiku wa kawaida unashusha shinikizo la damu kwa asilimia 10 hadi 20. Ni mapumziko ya mishipa. Asiyelala anaikosa nafuu hiyo, na mishipa inafanya kazi saa 24. Ndiyo sababu shirika la moyo la Marekani, mwezi Juni 2022, liliingiza usingizi katika orodha ya mambo 8 ya kulinda moyo, sambamba na kuacha tumbaku na kupima tansio. Watu wazima wanashauriwa saa 7 au zaidi.

Kinga pia inashuka. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliweka virusi vya mafua puani mwa watu 164 waliokubali. Waliolala chini ya saa 6 waliugua mara 4.2 zaidi ya waliolala zaidi ya saa 7.

Kukoroma kunastahili maneno zaidi kwa sababu nyumbani kunachekwa. Baba anakoroma kama mashine ya kusaga, watoto wanamwiga. Lakini pale mkoromo unapokatika ghafla, kimya sekunde 10, 20, halafu anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini, huo ni ugonjwa. Koo limejifunga, hewa haipiti, ubongo unamwamsha kidogo ili asife. Inaweza kutokea mara nyingi kwa saa moja na asikumbuke hata moja. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia kanisani na kwenye usukani, tansio inakataa dawa. Unene wa shingo na tumbo unaleta hali hiyo, na hali hiyo kwa kuharibu usingizi inaleta unene zaidi. Anayejua ni mama watoto, si yeye mwenyewe. Kwa hiyo mama ndiye aende naye kwa munganga aeleze alichosikia. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe ya jioni vinasaidia wengi. Mashine maalum za kupumulia ni ngumu kupatikana huku.

Kama hakuna mizani nyumbani, kamba inatosha. Ukate kamba yenye urefu wa nusu ya kimo chako. Isipozunguka kiuno, mafuta ya tumbo yamezidi, na ni vema kupima tansio na sukari.

Watoto

Homoni ya kukuza mwili inatoka kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamka saa 11 kuchota maji kabla ya shule anapaswa kuwa amelala saa 2 za usiku, na nyumba nyingi wakati huo ndiyo kwanza sombe inaiva.

Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kila mara kama mkubwa. Anaweza kuwa mkali, kurukaruka, kukosa kusikia mwalimu, na kupigwa kwa utundu ambao si utundu. Kwa wale waliokimbia vijiji, wanaoota ndoto mbaya na kukojoa kitandani wakati walishaacha, kiboko hakisaidii kitu. Kulala karibu na mtu mkubwa anayemjua, hadithi ileile kila jioni, taa ndogo: hayo yanarudisha usalama pole pole.

Vidonge, pombe na mbabula

Dawa ya kwanza ambayo watu wanajipa ni pombe. Kasiksi au lotoko inamlaza mtu haraka, ni kweli. Saa 3 au 4 baadaye inamwamsha, na nusu ya pili ya usiku inaharibika. Pombe inaongeza kalori na inalegeza koo la anayekoroma. Ni mkopo wa riba kubwa.

Ya pili ni valiamu ya duka la dawa, bila ordonansi. Kwa siku chache, chini ya munganga, ina kazi yake. Ikiwa ya miezi, mwili unaizoea, dozi inapanda, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Na kitu kimoja kisicho dawa, kwa wale wa baridi ya Butembo: mbabula yenye makala haiingii chumba cha kulala. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa yanatoa gazi isiyo na harufu wala moshi, na watu wanalala wasiamke. Jenereta ndani ya nyumba au chini ya dirisha ni hatari ileile. Blanketi ya pili ni bei ndogo.

Kinachowezekana hata katika hali hii

Ukiweza kuchagua kitu kimoja tu, chagua saa ya kuamka. Iwe ileile, hata Jumapili, hata baada ya usiku mbaya. Saa ya kulala huwezi kuiamuru, ila ya kuamka unaweza, na mwili unafuata. Toka nje mara moja upate mwanga.

Kahawa ya Kivu ni nzuri, ila baada ya saa 8 za mchana iache. Nusu ya kafeini bado iko katika damu kama saa 5 baadaye, na vinywaji vya nguvu vya chupa ndogo vina kafeini na sukari pamoja. Chandarua kinalinda na malaria, na kinamwondolea mtu kelele za mbu. Beni hasa kisikose. Chakula kizito kiliwe saa 2 hivi kabla ya kulala, inapowezekana. Mama wa mandazi ambaye hawezi kulala usiku mzima alale mapema, na achukue dakika 20 au 30 adhuhuri. Usingizi huo wa mchana si aibu.

Kwa anayelala macho wazi, madaktari wa Marekani tangu mwaka 2016 wanaweka mbele ya vidonge njia ya kufundisha upya ubongo. Kitanda ni cha kulala tu. Zikipita kama dakika 20 bila usingizi, inuka. Katika nyumba ya chumba kimoja, kigoda pembeni kinatosha: kaa hapo, bila simu, hadi macho yawe mazito, halafu rudi. Usiku wa kwanza ni mgumu, na matokeo yanaonekana baada ya wiki kadhaa. Anayeendesha moto au mashine asijipunguzie muda wa kitanda kwa nguvu wakati wa zoezi hili.

Anayeamshwa na ndoto za aliyoyaona, anayeruka kwa kila kishindo, aliyekaa zaidi ya mwezi hivyo, huyo anahitaji mtu. Aulize kwenye kituo cha afya kama kuna msaidizi wa kisaikolojia, wale wanaoitwa APS; miaka ya Ebola na ya vita imefanya wawe wengi kidogo kuliko zamani. Kabla ya kwenda, aandike kwa siku 14 katika daftari la mtoto: saa aliyolala, saa aliyoamka, mara ngapi aliamshwa na nini, alikunywa nini jioni. Kama anakoroma, mwenzake aandike upande wake. Na wakati muuguzi ameshika mashine ya tansio, aombe apimwe na sukari hapohapo, asubuhi kabla hajakunywa busera.